Mahali pa Asili: Corippo

Mwenzangu kazini alikuja na bahasha ya posta. Ndani yake mlikuwa na pasipoti ya kwanza ya mwanawe, mtoto wa miezi michache. Ikazunguka meza nzima ya chai, kila mtu akiicheka ile picha: kichwa kikubwa, macho yamemtoka, mdomo wazi. Mama mtu alikuwa ameweka na pasipoti yake pembeni, nami nikaishika kwa udaku tu.

Kwenye pasipoti ya Uswisi hawaandiki ulikozaliwa. Wanaandika mahali pako pa asili. Nimeishi hapa Ticino, jimbo la Uswisi linalosema Kiitaliano, miaka mingi na sikuwahi kuliona hilo, maana nani ana kazi ya kufungua pasipoti za watu? Ya mama iliandikwa Corippo. Ya mtoto iliandikwa Verzasca.

Wote wawili wamezaliwa Bellinzona.

Nikamuuliza kama Corippo ndiko kwao. Akacheka. "Kwetu? Nilipelekwa na shule nikiwa darasa la nne, tukala mkate, tukarudi." Sasa mbona ya mtoto ni tofauti na yako? "Kwa sababu Corippo haipo tena." Akafunga pasipoti, akasuuza kikombe, akarudi wodini.

Hilo jibu likanikaa. Wiki nzima, halafu ya pili, halafu nikawa nafungua ramani usiku badala ya kulala.

## Kwenu hasa

Msomaji wangu wa Tanzania hahitaji kuelezwa swali la kwenu wapi. Unajibu Dar. Unaambiwa hapana, kwenu hasa. Hapo ndipo unataja Usangi, au Kibosho, au Kyela, hata kama umekwenda huko kwa misiba tu na lugha ya bibi yako unaisikia kwa shida.

Mimi ni wa Usangi. Nimezaliwa Temeke.

Kwa hiyo nilipoona nchi tajiri, yenye treni zinazofika kwa dakika, imeandika "kwenu hasa" kwenye hati rasmi, kwa wino wa serikali, nilifurahi kijinga. Nikadhani nimewafuma. Kumbe na wao wanayo! Siku zile za kwanza nilikuwa nawaambia watu kama mtu aliyegundua undugu.

Furaha hiyo haikudumu, na sababu zake ndizo zilizonifanya niandike.

## Manispaa isiyojaza Hiace

Kwanza kijiji chenyewe. Ukitoka Locarno kuelekea bonde la Verzasca, barabara inapanda kwa kona kali hadi kwenye bwawa la umeme, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 220 uliokamilika mwaka 1965. Nyuma ya ukuta kuna ziwa la Vogorno. Corippo iko ng'ambo, upande wa kulia wa mto, nyumba zimebanana kwenye mteremko kiasi kwamba mlango wa huyu unatazamana na paa la yule.

Iko kwenye kimo cha mita kama 560 kutoka usawa wa bahari. Chini kuliko Dodoma. Nilikuwa naamini kinachowashinda watu wa milima ya Uswisi ni baridi ya juu huko, kumbe hapa tatizo ni mwinuko wa ardhi. Hakuna tambarare. Kila kipande cha kulima kilijengewa ukuta wa mawe kwanza, kisha udongo ukabebwa kwa mgongo. Eneo lote la manispaa lilikuwa kilomita za mraba 7.7 hivi, na leo karibu lote ni msitu na majabali.

Ofisi ya takwimu ya nchi ina namna yake ya kupima ardhi. Wanachukua picha za angani, wanaweka nukta kila baada ya mita 100, kisha kila nukta inapewa jina: makazi, kilimo, msitu, au kundi la nne ambalo wameliita ardhi isiyozalisha. Humo wanatia maziwa, mito, mawe na barafu. Robo ya Uswisi nzima imo kwenye kundi hilo. Mlima Matterhorn, unaolisha mji mzima wa Zermatt kwa fedha za watalii, nao ni ardhi isiyozalisha. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Watu sasa. Katikati ya karne ya 19 Corippo ilikuwa na wakazi karibu 300. Mwaka 2000 walikuwa 22. Baadaye wakafika kumi na wawili hivi, wengi wao wastaafu. Watu wasiojaza Hiace, lakini manispaa kamili: meya, halmashauri ya watu watatu, bajeti yao, kiwango chao cha kodi, mkutano wao wa wapigakura. Ilikuwa manispaa ndogo kuliko zote nchini kwa idadi ya watu. Waandishi wa habari walikuwa wakipanda huko kila mwaka kuwapiga picha wale wazee, mpaka nadhani walichoka kuombwa wasimame mlangoni.

Tarehe 18 Oktoba 2020 Corippo iliunganishwa na majirani zake wa bondeni, Vogorno, Brione, Frasco na Sonogno, pamoja na vipande vya bondeni vya Lavertezzo na Gerra. Manispaa mpya ikaitwa Verzasca.

Haikuwa peke yake. Mwaka 2000 Uswisi ilikuwa na manispaa 2,899. Mwanzoni mwa 2025 zilibaki 2,121. Hizo mia saba na ushee zimefutika bila mtutu wala kelele, kwa kura, mara nyingi kwa sababu hakuna aliyejitokeza kugombea umeya.

## Inategemea mbuzi

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja mle, mtoto wa bonde hilohilo, mwenye mikono mikubwa kuliko yangu. Nilimwuliza wakati namvalisha soksi: utotoni mliishi wapi?

"Lini?" akaniuliza.

Nikadhani hajasikia. Nikarudia. Akanitazama kwa huruma anayonitazamia ninapokosea sarufi ya Kiitaliano. Akanieleza kwamba familia yao ilikuwa na nyumba nne. Moja tambarare ya Magadino, karibu na mizabibu. Moja kijijini. Moja juu ya kijiji, kwenye malisho ya masika. Na kibanda cha mawe juu kabisa, cha kiangazi, ambako jibini lilitengenezwa. Mwaka mzima walikuwa wakipanda na kushuka, na watoto, na mbuzi, na ng'ombe wawili watatu, na sufuria kubwa ya shaba mgongoni kwa baba. Vuli waliokota chestinati, kokwa za miti ya msituni, wakazikausha kwa moshi na kuzisaga. Unga huo ndio uliowavusha majira ya baridi.

Nikamwuliza: basi mwezi wa tatu, kwa mfano, mlikuwa wapi?

"Inategemea mbuzi."

Nilirudi nyumbani na hilo. Kwa sababu sensa ya kwanza ya Uswisi ilifanywa Machi 1850, kuanzia tarehe 18 hadi 23. Ile takwimu ya Corippo ya watu karibu 300 inatoka enzi hizo, na mimi nilikuwa nimeisoma kama mtu anavyosoma kipimo cha maji kwenye tangi: walikuwa 300, wakapungua, wakaisha. Sasa nikaanza kuona kwamba hata hao 300 hawakuwahi kukaa kijijini wote mwaka mzima. Kijiji kilikuwa kituo cha katikati kwenye mzunguko.

Na nikaelewa kitu kilichokuwa kimenishinda kwenye ramani. Manispaa za Lavertezzo na Gerra zilikuwa zimekatika vipande viwili, kimoja juu bondeni na kingine kilomita nyingi chini, tambarare. Nilidhani ni ujinga wa wachora mipaka. Kumbe ni njia ya mbuzi hiyo. Watu walikuwa na ardhi huku na kule, na mpaka uliwafuata. Mto Ticino ulipoanza kudhibitiwa mwishoni mwa karne ya 19 na vinamasi vya Magadino vikakaushwa, nyumba ya chini ikawa ndiyo yenye maana. Watu wakaacha kupanda. Hakuna aliyefunga virago kwa kishindo. Mwaka mmoja masika yalifika, wakabaki.

Wengine walikwenda mbali zaidi, na hao hawakuwa na hiari hiyo. Wavulana wadogo wa bondeni walipelekwa miji ya Italia ya kaskazini kila majira ya baridi kusafisha mabomba ya moshi, kwa kuwa miili yao ilipenya. Mwaka 1853 Austria, iliyokuwa ikitawala Lombardia, iliwafukuza watu wa Ticino kama 6,000 kwa mkupuo, ikafunga na mpaka. Mwaka uliofuata meli za Australia zilijaa watu wa mabonde haya, wakifuata dhahabu. California ikafuata, wakakamua ng'ombe huko.

Wote hao waliondoka na Corippo yao, au Vogorno yao, au Sonogno yao, ndani ya karatasi.

## Daftari la pili

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda.

Kwetu sensa inauliza swali moja la msingi: usiku wa kuamkia siku ya sensa ulilala wapi? Mwaka 2022 usiku huo ulikuwa wa kuamkia Agosti 23, na mama yangu mdogo alihesabiwa Moshi kwa kuwa alikuwa ameuguza mtu hospitali. Ndivyo tulivyopata watu 61,741,120. Uswisi tangu 2010 haiwafuati watu milangoni kwa hesabu hiyo. Inasoma madaftari ya wakazi ya kila manispaa. Uliko kwenye daftari ndiko uliko.

Lakini kuna daftari la pili, la asili. Mtu mwenye asili ya Corippo anaweza kuwa Zürich, Melbourne au hapa mezani kwangu. Asili inarithiwa na mtoto kutoka kwa mzazi ambaye jina la ukoo wake amelichukua, kisha mjukuu, kisha kitukuu, bila mtu yeyote kulazimika kukanyaga mahali hapo. Daftari la kwanza la Corippo lilipofika watu kumi na wawili, la pili lilikuwa linaendelea kuzaa.

Sasa idadi ya watu wa Corippo ni ipi?

Aliyeanzisha hesabu hizi, Stefano Franscini, alikuwa mtu wa hapahapa Ticino, amezaliwa 1796 Bodio katika nyumba ya watu wasio na kitu. Aliingia kwenye serikali ya kwanza ya shirikisho mwaka 1848, mmoja wa mawaziri wake saba, akaendesha sensa ya 1850 karibu bila wafanyakazi. Alifariki 1857. Ofisi ya takwimu aliyokuwa akiililia ilianzishwa 1860. Napenda kwamba sensa yake ilikuwa na safu ya asili ya mtu pamoja na umri, dini na kazi. Mtoto wa kijiji alijua kuwa kumjua mtu anapolala hakutoshi.

Nilikuwa tayari kuishia hapo, kwa sifa. Makala ingekuwa nzuri na fupi.

## Nani atakulisha

Kisha nikamwuliza yule mwenzangu: hii asili ina faida gani? Akafikiri. "Sasa hivi? Hakuna. Zamani ilikuwa nani atakulisha ukifilisika."

Hakulisema kwa uzito. Lakini hilo ndilo lililogeuza kila kitu.

Asili haikuanza kama kumbukumbu ya mababu. Ilianza kama deni. Ukiwa na asili ya kijiji fulani, kijiji hicho kilipaswa kukuhudumia ukizeeka, ukiugua, ukifiwa na mume ukabaki na watoto sita. Na kwa kuwa lilikuwa deni, kila kijiji kilikuwa na hamu ya kulipunguza. Walizuia maskini wasioe, wasije wakazaa walaji. Haki ya kuoa ililindwa na katiba mwaka 1874 tu. Waliwafungia wageni mlango wa uraia wa kijiji kizazi baada ya kizazi. Na wengine waliona nauli ya meli ni nafuu kuliko kulisha. Mwaka 1855 kijiji cha Rothrist, katika jimbo la Aargau, kiliwasafirisha maskini wake 305 kwenda Marekani kwa mkupuo mmoja, kwa fedha za kijiji.

Mia tatu na watano. Corippo nzima ya wakati ule, na chenji juu.

Halafu walikuwapo wasio na kijiji kabisa. Mafundi wa kuzunguka, wauza vikapu, watu waliobadili dini wakafutwa, waliooana bila kibali, na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Hawakuwa raia wa popote kwa sababu hakuna kijiji kilichokubali kuwaandika. Desemba 1850 serikali ya shirikisho ilitunga sheria kuwalazimisha majimbo na vijiji kuwapokea. Ili kuwatambua, mpiga picha Carl Durheim aliwapiga picha mjini Bern mwaka 1852 na 1853. Ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za kipolisi duniani. Wamekaa kitini wakiwa na nguo zao bora, wengine mikono juu ya mapaja, na ukiwatazama unaona watu wanaosubiri kuambiwa kwao ni wapi. Kisha wakagawiwa. Wewe kijiji kile, wewe kijiji hiki. Vijiji vilinung'unika sana.

Kwa hiyo kuna Waswisi leo ambao pasipoti yao inataja asili ya mahali ambako babu yao alipangiwa na karani.

Nilisoma hayo usiku, na ile furaha yangu ya kwanza ikanichefua kidogo. Nilikuwa nimeona "kwetu" pale palipokuwa na orodha ya wadai.

Deni lenyewe lilififia polepole. Siku hizi unasaidiwa unakoishi. Lakini jimbo la asili liliendelea kurudisha baadhi ya gharama kwa jimbo unakoishi hadi Aprili 2017. Juzi tu! Nilikuwa tayari niko hapa, nalipa kodi, na karani fulani bado alikuwa anatuma ankara kwa jimbo la babu wa mtu.

Nilibishana na mke wangu kuhusu hili. Yeye anaona nimekuwa mkali bure. "Na kwetu je?" akaniambia. "Ukiulizwa kwenu hasa, wanataka kujua nini? Wanataka kujua ukifa maiti ipelekwe wapi na nani achangishwe." Mke wangu ni wa Ugweno, watu wa Ugweno hawapambi maneno. Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

## Kupanda

Jumapili moja ya Oktoba nilikwenda. Basi la njano la posta liliniacha njia panda, nikapanda kwa miguu. Paa zote ni za mawe bapa, yamelazwa moja juu ya jingine bila saruji, ya kijivu, yameota kuvu ya kijani upande wa kivulini. Mawe hayohayo ndiyo kuta, ndiyo ngazi, ndiyo vibaraza. Kwa mbali huwezi kujua nyumba inaishia wapi na mlima unaanzia wapi. Mwaka 1975, ulipotangazwa mwaka wa urithi wa majengo wa Ulaya, Corippo ilitajwa kuwa mfano wa kuigwa, na mfuko ukaundwa kuiokoa. Walizilinda nyumba vizuri sana. Watu waliendelea kushuka.

Tangu 2022 baadhi ya nyumba ni hoteli iliyotawanyika: mapokezi huku, chumba chako kule, kifungua kinywa kwenye mgahawa wa zamani wa kijiji. Siku hiyo tulikuwa wageni wengi kuliko wakazi wote wa miaka ya karibuni. Wazungumzaji wa Kijerumani wenye fimbo za kutembelea, mbwa wawili, na mimi. Nilikunywa kahawa. Ilikuwa nzuri na ghali.

Nyuma ya nyumba za mwisho msitu unaanza ghafla. Nikaingia hatua chache, na chini ya majani makavu ya chestinati nikakuta ukuta. Mwingine juu yake. Mwingine tena. Matuta ya kulima, yote, yakipanda hadi nisikoweza kuona, na miti minene kuliko kiuno changu imeota katikati ya shamba la mtu. Nukta ya ofisi ya takwimu ikiangukia pale inasomeka msitu, na ni kweli ni msitu.

Kisha nikatafuta makaburi, kwa sababu Mpare akifika mahali hutazama makaburi kwanza, ajue ni akina nani. Majina ya ukoo ni machache, yanajirudia, na picha ndogo za kauri zimebandikwa kwenye mawe: mwanamke wa kitambaa, mzee wa sharubu. Lakini nilikuwa natafuta ya zamani, ya hao 300, na sikuyaona.

Bibi wa soksi ndiye aliyenieleza baadaye. Kaburi Uswisi lina muda wake. Miaka 20, 25, kisha linaondolewa na nafasi inapewa mwingine, labda familia ilipie zaidi.

Baba yangu amelala Usangi chini ya migomba, na sisi tunalipa kijana wa kupalilia. Hilo kaburi ndilo hati yetu ya pale. Bila hilo, nani angejua kwamba kile kipande ni chetu? Wenzetu wanafukua kaburi baada ya robo karne bila kuona shida, na mstari kwenye pasipoti unabaki karne tatu. Nilikaa kwenye ukuta wa yale makaburi nikijaribu kuamua ni akina nani wenye akili zaidi. Basi likakaribia, nikashuka.

## Fomu

Sasa niseme lililokuwa chini ya haya yote.

Kuna fomu kwenye droo yangu ya jikoni. Ya uraia. Masharti nimeyatimiza: kibali cha kudumu, miaka kumi nchini, miaka ndani ya jimbo, lugha, kodi. Mke wangu amejaza yake. Binti yetu wa miaka 13 anaingia kwenye ombi letu. Yangu iko nusu.

Sheria ya Tanzania unaijua: mtu mzima akichukua uraia wa nje, wa nyumbani unakwisha. Hiyo hadhi maalumu ya diaspora ni kitu, lakini si pasipoti. Kwa miaka nimelichukulia kama suala la viza na kununua kiwanja. Baada ya ile meza ya chai nimeliona kwa sura nyingine, maana mgeni akipewa uraia wa Uswisi anapewa na asili. Lazima awe nayo. Hakuna Mswisi asiye na manispaa. Na asili anayopewa ni ya manispaa iliyomkubali. Kwangu itakuwa Bellinzona: baraza la mji litapiga kura, na ikipita, kitabu kidogo chekundu kitasema kwamba mimi, mtoto wa Temeke, wa Usangi, asili yangu ni Bellinzona.

Mwanzoni nilisema huo ni uongo wa mchana. Sasa sina hakika. Wale wa picha za Durheim waliandikwa kijiji wasichokijua, na vitukuu vyao leo wanakitaja bila kupepesa macho. Mwenzangu hajawahi kulala Corippo. Na Bellinzona hii yenyewe ilimeza majirani zake kumi na wawili mwaka 2017, kwa hiyo kuna watu wa vijiji hivyo ambao waliamka asubuhi moja asili yao imekuwa Bellinzona bila kuomba. Mimi angalau nitakuwa nimeomba.

Kinachonizuia ni daftari lile lingine, la Usangi, lisiloandikwa mahali popote. Linashikiliwa na shangazi zangu wawili na mzee mmoja wa ukoo. Wakiondoka hao, nani atasema mimi ni wa wapi? Binti yangu hajui njia ya kwenda kwenye ile migomba. Ikiwa nitaandika Bellinzona, basi angalau atakuwa na mstari mmoja mahali fulani. Ikiwa sitaandika, huenda asiwe na wowote. Kuna siku hoja hii inanishawishi kabisa, na kuna siku naiona ni maneno ya mtu anayetafuta ruhusa.

Juzi usiku nilimweleza binti yangu namna inavyofanya kazi. Kwamba itakayoandikwa ni ya kwake pia, na ya watoto wake wakichukua jina letu, na ya wajukuu zake, hata wakizaliwa Toronto, hata wasijue Kiitaliano. Alikuwa anakula tambi, akaacha uma.

"Milele?"

"Mpaka Bellinzona nayo iunganishwe na mwingine."

Akafikiri. "Baba, Bellinzona haina hata ziwa. Kwa nini tusihamie Locarno kwanza?"

Mama yake akasema Locarno kodi ya nyumba hatuiwezi, na mjadala wa asili yetu ukahamia kwenye bei ya vyumba vitatu.